Aliyesimama Upande wa Ziwa

Mume wangu alipofungua kinywa siku ya posa ya binti yetu, nilikuwa nimeshika sinia la fromaje, jibini yetu ya Masisi ninayoiuza sokoni na ambayo siku hiyo nilikuwa naigawa bure. Sinia liliniponyoka. Vipande vilitawanyika chini ya viti vya wageni na hakuna aliyeinama kuokota, kwa sababu kila jicho lilikuwa kwake.

Inabidi nieleze kwa nini tulishtuka namna ile. Kwetu, sisi familia za milima ya Masisi tunaosema Kinyarwanda nyumbani, baba wa binti hasemi siku ya posa. Wanaosema ni wasemaji, mmoja wa upande wa kijana na mmoja wa upande wa binti, wazee wenye maneno mengi kuliko nywele. Hao wanaruhusiwa kudanganya watakavyo. Wa kwetu atasema binti ameingia utawa, au wageni wamekosea nyumba, au binti mwenyewe bado hajazaliwa. Wa kwao atabembeleza, atatozwa kasiye, yaani kreti zima, ya bia, watu watacheka na mambo yatasonga. Muda wote huo baba anakaa kwenye kiti chake kama kiziwi. Neno lake ni moja tu, mwishoni kabisa: nimempa. Na kwa kuwa ni moja, halina mchezo ndani yake. Likishatoka mbele ya familia mbili zilizokunywa chungu kimoja, halirudi.

Basi mume wangu, aliyepaswa kukaa kama kiziwi, aliinuka, akapangusa suruali, akasema:

“Wakwe, miye niko na neno moya. Ule muzee mwenye kusema kwa jina yenu apige mupira mara mbili, pale mu majani yangu. Ukiingia mu shimo, mutoto ni wenu. Ukikatala, murudie kwenu Kiwanja na ng’ombe zenu.”

“Yampayinka!” Sauti hiyo ilikuwa yangu. Ndivyo tunavyoapa tukipigwa na butwaa, kwa jina la yule aliyetupa ng’ombe. Nadhani alasiri ile nilimtaja huyo mwenye ng’ombe mara nyingi kuliko nilivyomtaja mwaka mzima.

Sasa hayo majani yake.

Mume wangu ana uwanja wa gofu wenye shimo moja. Si kwa unyenyekevu. Parsele yetu, yaani eneo la nyumba, haina nafasi ya shimo la pili. Tunakaa Goma, upande wa Kituku, karibu na ziwa, mahali ambapo ukipiga jembe kidogo tu linalia juu ya mawe meusi ya volkano. Huku watu wananunua udongo kwa lori ili wapande vitunguu. Yeye alinunua udongo ili apande majani yasiyoliwa na mtu, na mimi niliyepaswa kuwa na bustani nikabaki na mstari mmoja wa vitunguu pembeni.

Ujanani alikata majani kwenye shamba moja la chai ambako wakubwa walikuwa na uwanja wao. Mmoja wao alimfundisha mchezo, akamwachia fimbo moja kuukuu, ile fupi ya kusukumia mpira kwenye majani mafupi mpaka shimoni. Hiyo ndiyo fimbo pekee aliyonayo. Ile sehemu ya gofu ya kupiga mpira upotelee mbinguni anasema ni ya watu wenye haraka. Baadaye akawa muganga wa ng’ombe, kazi aliyoifanya milimani mpaka mambo ya huko yalipoharibika na ng’ombe wetu wenyewe wakaisha kwa namna ambayo sipendi kuisimulia. Tukashuka Goma.

Mara ya mwisho aliporudi kwenye malisho ya baba yake, alikuja na lori la kabichi. Nilimshukuru Mungu kwa zile kabichi. Tulipozishusha nikakuta chini yake vipande vya ardhi vilivyokatwa kama magodoro, majani yake bado mabichi, na harufu ya samadi ndani. Nilisimama na kabichi kila mkono. Mtu ameacha nyumba, ameacha vyombo vya harusi yetu, amebeba majani! Alivitandika vipande vile juu ya udongo wake, akavimwagia maji, akavikandamiza kwa pipa lililojaa maji, akakata majani kwa mkasi wa kushonea mpaka yakawa laini kama kichwa kilichonyolewa. Katikati akafukia kopo la maziwa ya unga. Majirani waliamini kuna kitu amezika pale, na mpaka leo wako wanaoamini hivyo.

Nilidhani mchezo wenyewe utakuwa rahisi. Mpira mdogo, shimo hilo hapo, hatua chache tu kati yao. Mtoto mdogo angeweza. Lakini mume wangu alikuwa na adui, na adui huyo alikuwa upepo.

Nilicheka aliponiambia mara ya kwanza. Upepo unaangusha ndizi, unabeba bashi la turubai, unamvua padri kofia. Lakini mpira unaotambaa chini ya magoti ya mtu, upepo unauonea wapi? Akaniambia nikae nitazame. Asubuhi, ziwa likiwa limelala na umande bado uko kwenye majani, alipiga mpira ukaenda moja kwa moja ukaingia kwenye kopo. Alasiri, ziwa lilipoanza kupumua, alipiga vilevile, kutoka palepale. Mpira ulianza vizuri. Ulipokaribia shimo, ulipokuwa umechoka na unatafuta mahali pa kupumzika, ukapinda pembeni kama mtu aliyeitwa jina lake, ukapita. Kusema kweli nilishtuka. Nilifikiri amefunga uzi.

“Mupira wenye mbio haujue upepo,” aliniambia. “Ni wakati umechoka njo upepo unaushika.”

Tangu hapo hakuna chakula tulichokula bila somo. Upepo ukikujia usoni piga kwa nguvu zaidi. Ukikusukuma mgongoni gusa tu. Ukipita ubavuni, usilenge shimo, lenga mahali ambapo shimo lingekuwa kama lingekimbia. Upepo unakausha majani, kwa hiyo ya alasiri yanateleza kuliko ya asubuhi. Upepo hausukumi mpira peke yake, unamsukuma hata mpigaji, kwa hiyo tandaza miguu. Na zaidi ya yote, tazama ziwa. Ukiona doa jeusi juu ya maji linakuja upande wako, hilo ni vumo la upepo, ngoja lipite. Kulikuwa pia na regleman, sheria za mchezo, ambazo alizisema mezani kama Baba Yetu. Mpira uliosimama ukisukumwa na upepo kabla hujauokota, utaupiga pale ulipofika. Mtu yeyote asisimame kumkinga mpigaji na upepo. Watoto wetu wa kiume walijifunza kula haraka.

Aliyemsikiliza alikuwa binti yetu, kitinda mimba. Yeye ana cherehani yake mtaa wa Ndosho, anashona magauni na sare za shule, na mkasi ule uliokata majani ulikuwa wake. Kila alasiri alikuwa anafunga mapema, jambo ambalo nililiona ni uvivu, anapanda motari, pikipiki ya abiria, mpaka nyumbani, anavua viatu na kwenda kwenye majani ya baba yake. Mikono ya mume wangu imeanza kutetemeka miaka hii. Upepo na mikono ile pamoja vilikuwa vinamtesa, mpira hauingii hata kwa bahati. Basi binti anafungua kitenge chake, anakitandaza nyuma ya mgongo kwa mikono miwili, anasimama upande wa ziwa. Hapo mbele yake panatulia kama chumbani. Baba anapiga, kopo linalia, wanacheka wote wawili.

“Si ulisema regleman inakataza?” nilimwuliza mume wangu siku moja.

“Hii si mashindano,” alijibu. “Hii ni mazoezi.”

Mazoezi ya miaka. Kisha binti anaingia jikoni, anashika kikombe cha chai kwa viganja vyote viwili, anakaa karibu na makaa na kunisimulia habari za wateja wake. Ndivyo siku zetu zilivyokuwa zinaisha.

Ndipo akaja kijana wa mji wa Kiwanja. Kijana mzuri, sina neno, mfanyabiashara wa maharagwe, mwenye adabu na meno yote. Alikuja kushonesha suruali akarudi kushonesha nyingine, na mtu hahitaji suruali nyingi hivyo. Mume wangu alimpokea vizuri. Alimwuliza habari za ng’ombe wa kwao, za mvua, za bei ya maharagwe. Sikuona ishara yoyote. Alichosema ni kimoja tu, tukiwa wawili: “Kiwanja ni mbali.” Nikamwambia Kiwanja si mbali, watu wanakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Akasema, “Barabara ikikubali.” Na hapo alisema kweli, kwa sababu barabara ya siku hizi ina tabia zake, leo inakubali, kesho imefungwa.

Siku ya posa wageni walichelewa. Walipaswa kufika asubuhi. Walifika jua limeshapita kichwani, wamejaa vumbi, wanaomba radhi kwa kila kizuizi walichokutana nacho njiani. Mume wangu, mtu ambaye ukichelewa misa anakutazama mpaka Jumapili nyingine, aliwapokea akitabasamu. Akasema wapumzike kwanza. Wakapumzika. Akasema wanywe kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, chungu katikati na mirija yake. Wakanywa. Akamwomba katekista sala iwe ndefu kidogo, ombi ambalo hakuna katekista anayehitaji kuombwa. Kiti chake alikigeuza. Badala ya kuwatazama wageni kikawa kinatazama ziwa. Niliona yote hayo, nikajisemea mzee wangu leo ana roho nzuri.

Wasemaji wakaanza. Wetu ni kaka mkubwa wa mume wangu; alisema binti ameenda kuchunga nyota na hatarudi. Wa kwao alikuwa mjomba wa kijana, mtu mnene mwenye sauti ya soko, akajibu kwamba amekuja na ng’ombe wenye pembe ndefu za kuwafikia hata wanaochunga nyota. Watu wakacheka mpaka machozi. Bia ikatozwa, ikalipwa. Tulikuwa tumefika karibu na lile neno moja, nikachukua sinia la fromaje nilipeleke, na ndipo mume wangu akasimama akasema aliyoyasema.

Kosa la yule mjomba ni kwamba alicheka. Alidhani ni mchezo kama mingine, kasiye nyingine ya bia. Kabla kaka wa mume wangu hajaweza kumwashiria, alipiga kifua, akaapa kwa ng’ombe wa ukoo wao kwamba amekubali, apewe hiyo fimbo. Basi ikawa imefungwa pande zote mbili, neno la baba na kiapo cha ng’ombe. Niliona rangi ya kaka wa mume wangu inabadilika.

“Wewe, unafanya nini?” nilimnong’oneza mume wangu, nikiwa nimepiga magoti kama ninayeokota jibini.

“Mara mbili,” alisema bila kunitazama. “Ni mingi. Hata wewe ungeweza.”

Na kweli zilionekana nyingi. Mjomba alikwenda kwenye majani, akacheka na fimbo, akamwuliza mume wangu kama hii ndiyo anayochungia kuku. Akapiga. Sijui ni Mungu gani wa Kiwanja aliyemsaidia, mpira ulikwenda polepole, moja kwa moja, ukasimama kiganja kimoja kutoka kwenye kopo. Wanawake wakapiga vigelegele. Kilichobaki ni kuugusa tu, mara ya pili, na kazi imekwisha. Ndani ya nyumba nilisikia wasichana waliomzunguka binti yangu wakipiga makofi.

Angeugusa tu! Lakini yeye ni msemaji, na kwetu msemaji hafanyi jambo kubwa kimyakimya. Kabla ya kupokea kitu lazima ashukuru, na kabla ya kushukuru lazima awasifu ng’ombe. Alimpa mpira mgongo, akainua fimbo juu, akaanza. Alimsifu ng’ombe wa babu yake aliyevuka mto akiwa na ndama tumboni. Alimsifu binti wa ng’ombe huyo. Alikuwa anasifu kwa ufundi, wazee wakiitikia kwa kila pumzi, hata mimi nilisahau wasiwasi wangu na kuanza kutikisa kichwa.

Kisha nikamtazama mume wangu. Alikuwa anatazama ziwa. Nikafuata macho yake, nikaona doa jeusi juu ya maji, pana, linakuja.

Bashi lilipiga juu ya vichwa vyetu. Mirija ikatetemeka kwenye chungu. Na ule mpira, uliosimama, ambao hakuna mtu aliyeugusa, ukatikisika kidogo, ukaanza kwenda. Ulikwenda peke yake, taratibu, kisha kwa haraka zaidi kwa sababu majani yalikuwa makavu na yamenyolewa, ukaliacha kopo, ukashika mteremko wa upande mwingine mpaka pembeni kabisa, karibu na vitunguu vyangu, ukakaa.

Mama mmoja wa Kiwanja alifanya ishara ya msalaba. Nyanya yake kijana aliinua miguu kutoka chini kama aliyeona nyoka. Mjomba aligeuka, akatazama mahali mpira ulipokuwa, akatazama fimbo, akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza siku ile hakikutoka kitu. Katekista alikuwa amekamata mkono wa jirani yake. Na mimi macho yangu hayakuwa kwenye mpira tena. Katika watu wote wale, mmoja tu hakushtuka. Alikuwa amekaa na mikono juu ya magoti, uso umetulia. Alijua. Tangu asubuhi alikuwa anajua, kila mrija wa kasiksi na kila amina ya katekista vilikuwa vya kuungojea upepo huu. Hakutaka binti aende. Hakuweza kusema, kwa sababu hakuwa na sababu ya kusema, kijana hana kosa; basi akauachia upepo useme.

Nimeishi na mtu huyu maisha yangu yote ya ukubwani. Nilimtazama kama mgeni.

“Tuurudishe pale ulikuwa,” alisema kaka yake. “Ni upepo, hata mutoto ameona.”

“Hapana,” alisema mume wangu. “Regleman iko wazi. Mupira upepo umesukuma, unapigwa pale umefika. Imebakia mara moya.”

Baba wa kijana aliinuka. Alikuwa mzee mwembamba, mpole, hakuwa amesema neno tangu alipofika, kama inavyopaswa.

“Muzee mwenzangu, kama munatukatalia mutoto, museme na kinywa yenu. Musitume upepo.”

Ilinichoma. Wenzake walianza kuinuka pia, mmoja mmoja, wakitafuta kofia na mikoba. Mtu akishainuka kwenye posa kabla ya kupewa, harudi kukaa. Ukoo wao hauoi tena kwenye ukoo wetu, na watoto watakuja kuambiwa kwa nini. Mjomba akawainulia mkono wangoje. Alikuwa amepata ulimi wake.

“Niliapa,” alisema. “Siwezi kurudi na kiapo mu mufuko. Lakini mikono yangu haiko mizuri tena. Bwana arusi apige mwenyewe.”

Mume wangu alifikiri, akakubali kwa kichwa.

Kijana alivua koti. Aliishika fimbo kama jembe, akasimama pale kwenye vitunguu. Shimo lilikuwa mbali, upepo unampiga ubavuni, suruali yake mpya, ile aliyoshonewa na binti yangu, inapeperuka kama bendera. Mpira wenyewe ulikuwa unatikisika. Alimtazama mume wangu kwa macho ambayo sitayasahau, macho ya mtu anayeomba aambiwe afanye nini. Mume wangu alikuwa anatazama ziwa.

Ndipo mlango ukafunguka.

Kwetu bibi arusi hatoki mpaka aitwe. Anaitwa kwa nyimbo, anatoka kichwa kimeinama, katikati ya wenzake, taratibu kama maziwa yanayomiminwa. Binti yangu alitoka peke yake. Alitoka bila viatu, akiwa na nguo zake zote za sherehe, kichwa juu, akapita mbele ya wakwe bila kusalimu hata mmoja. Nilisikia shangazi yake akisema, “Yesu wangu.” Mimi nilishindwa hata kumtaja mwenye ng’ombe. Alikwenda moja kwa moja mpaka upande wa ziwa, akafungua kitenge alichojifunga juu ya nguo, akakitandaza nyuma ya mgongo kwa mikono miwili, akasimama. Kitenge kilijaa upepo. Mbele yake suruali ya kijana ikatulia. Mpira ukatulia.

“Piga polepole,” alimwambia. “Hapa hakuna upepo.”

Akapiga. Mpira ulipita mbele ya binti yangu, yeye akasogea nao hatua kwa hatua, kitenge wazi, kama mtu anayemsindikiza mgonjwa. Ulipanda mteremko, ukachoka, ukafika ukingoni mwa kopo, ukafikiri, ukaingia. Kopo likalia.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Wageni walikuwa wanangoja kuona kama ni halali, na sisi watatu, mimi, binti na baba yake, tulijua kwamba si halali. Mtu yeyote asisimame kumkinga mpigaji na upepo. Ilikuwa Baba Yetu ya mezani kwetu. Mume wangu alisimama. Nikaona sheria iko kwenye ulimi wake kabisa, na kama angeisema, hakuna ambaye angeweza kumpinga, kwa sababu alikuwa na haki.

“Nani amekutuma usimame pale?” alimwuliza.

Binti hakushusha mikono. Kitenge kilikuwa bado kinapiga nyuma yake.

“Hakuna mutu, Papa. Njo pale ninasimamaka siku yote.”

Nilitazama uso wa mume wangu. Ule utulivu aliokuwa nao mpira ulipokimbia haukuwepo tena. Hatimaye alikuwa ameshtuka kama sisi, na zaidi yetu. Alikigeuza kiti chake kikawatazama wageni, akaketi.

“Mupira umeingia,” alisema. “Nimemupa.”

Vigelegele vilivyofuata sikuvipiga mimi. Nilimngoja mume wangu jikoni, na alipoingia kuchukua maji nilimfungia mlango.

“Ulijua!” nilimwambia. “Ulijua upepo utakuja, ukawaacha watu wa mbali waaibike mu parsele yangu!”

“Upepo nilijua,” alisema. “Mutoto njo sikujua.”

Nilikuwa na maneno mengi tayari, nimeyapanga kwa hasira. Lakini alikuwa ameshika kikombe cha maji na maji yalikuwa yanamwagika kwa ile mikono yake. Nikamfungulia mlango.

Harusi ilikuwa nzuri. Binti alikwenda Kiwanja na cherehani yake juu ya gari, na mkasi akatuachia.

Siku chache baadaye, alasiri, nilikuwa jikoni natayarisha makaa. Nikasikia fimbo ikigusa mpira, kisha kimya. Tena fimbo, tena kimya. Nilichungulia dirishani. Alikuwa peke yake, miguu ameitandaza kama anavyofundisha, na kila mpira ulipofika karibu na shimo ulipinda ukapita. Aliufuata, akauokota, akarudi, akapiga tena kutoka palepale. Hakuwa anangoja vumo lipite. Hakuwa anatazama ziwa hata kidogo.

Niliacha makaa. Nikatoka, nikaenda upande wa ziwa, nikafungua kitenge changu na kukitandaza nyuma ya mgongo kama nilivyomwona binti akifanya. Katika miaka yote ile sikuwahi kusimama pale.

Upepo ulinipiga mgongoni nikapiga hatua mbele bila kutaka. Ulikuwa wa baridi, baridi ya maji, ukaingia kwenye mikono ya blauzi ukatokea shingoni. Vumbi jeusi liliruka likaniingia machoni. Kitenge kilitaka kuondoka. Nilikishika kwa nguvu mpaka vidole vikaanza kufa ganzi, na mume wangu alikuwa hata hajapiga, bado anapanga miguu yake kwa ile mikono inayotetemeka, hana haraka, kama mtu aliye ndani ya chumba.

“Uko sawa?” aliniuliza.

Nilikaza vidole kwenye kitenge. Nilikuwa namwona mtoto wetu akiingia jikoni jioni baada ya jioni, anacheka, anashika kikombe cha chai kwa viganja vyote viwili, anakaa karibu na makaa na kuanza kunisimulia habari za wateja wake, na hakuna siku hata moja aliyowahi kuniambia kwamba nje kuna upepo.